Peoni Iliyohamishwa Mwezi wa Nne

Kwa miaka thelathini Suyun hakuruhusiwa kugusa peoni ya mumewe. Vitunguu na kabichi vya pale uani vilikuwa vyake, lakini kile kichaka kando ya ukuta kilikuwa cha Changgui peke yake. Alikipanda mwaka aliozaliwa binti yao, Yanhong. Mji mzima wa Heze, huko China, unapanda maua ya peoni, na bado majirani walikuwa wakija kuchungulia yake ikichanua.

Kisha Changgui akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukapooza, maneno yakawa yanatoka moja moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, ikaja amri kwamba mtaa wao unavunjwa. Walipewa nyumba ya chini kwenye ghorofa jipya, yenye kibustani mbele. Majirani walimshauri Suyun akiache kichaka. Peoni huhamishwa vuli, ya kung'olewa masika haishiki. Nacho kilikuwa kimejaa matumba.

Suyun alimsukuma mumewe kwenye kiti chake hadi ukutani, akashika koleo.

"Haya, nielekeze."

Changgui alikitazama kichaka muda mrefu. "Kwanza kata matumba."

"Mangapi?"

"Yote."

Alikata kumi na nane. La mwisho likamshinda, mkono ukabaki hewani.

"Kata, mama Yanhong," Changgui akasema taratibu. "Kikichanua sasa, hakitashika mizizi."

Akalikata. Alichimba tangu asubuhi hadi saa saba, akizunguka mbali na shina kama alivyoelekezwa, wakaliviringisha bonge la udongo kwa kamba za majani ya mpunga. Yanhong na mumewe wakalipakia kwenye guta la magurudumu matatu, na Suyun akakipanda kichaka kwenye kibustani cha nyumba mpya.

Kiangazi hicho majani yakapukutika. Suyun akawa anamwagilia kwa siri kila alfajiri, mpaka Changgui alipoona viatu vyake vimelowa akamkataza, akisema ataiozesha mizizi. Mwaka wa pili yakaja majani matupu. Mwaka wa tatu yakafunguka maua mawili ya rangi ya waridi, makubwa kama bakuli. Suyun akamtoa nje mumewe, akamwekea chai, akasubiri atasema nini.

"Umekipanda kimeinama upande," akasema Changgui.

"Mzee, si nilikusikiliza wewe?"

Changgui akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaushika mkono wa mkewe, hakuuachia mpaka chai ilipopoa.

Vuli hiyo Suyun alinunua mche wa peoni nyeupe, akauchimbia shimo mahali alipopenda mwenyewe. Changgui alimtazama kutoka dirishani, na safari hii hakumwelekeza.