Majibu Yaliyoandikwa Garini

Kwa miaka kumi na mitatu Nuala Tierney alizunguka kaunti ya Roscommon, Ireland, akiwahoji watoto wale wale wa utafiti wa makuzi. Aliwapima wakiwa na miezi tisa, akarudi walipofika miaka mitatu, mitano, tisa. Wengine walimwita shangazi.

Duru ya mwisho, nusu ya nyumba zake alipewa mhoji mwenzake, Fergal Mulvey. Nuala akatumwa kuhakiki chache tu kati ya hizo, akaanza na kwa msichana Sadhbh Cregan.

"Shangazi Nuala!" mama mtu, Attracta, alimpokea mlangoni, macho yamemvimba. "Tulidhani mwaka huu mmetusahau."

"Si Fergal alikuja mwezi uliopita?"

"Fergal gani? Hapa hajakanyaga mtu."

Nuala akaifungua fomu aliyoileta Fergal. Sadhbh: ana furaha, ana marafiki wanne, anapenda shule. Kumbe, Attracta alimweleza, mtoto alikuwa chumbani juu, amejifungia. Shule hajaiona tangu Februari, wenzake walipoanza kumtumia picha za nguruwe zenye jina lake. Nuala akaikunja fomu, akaenda kumtafuta Fergal.

Alimkuta Fergal kituo cha mafuta, ndani ya gari, anatafuna soseji.

"Hizi fomu umezijaza humu humu?"

"Nuala, watoto elfu nane, nani atajua? Wa miaka kumi na mitatu wote ni walewale. Wanakula, wanalala, wananuna."

"Umemwandikia marafiki wanne!"

"Ulitaka nimwandikie wangapi?" Akacheka, mayonezi ikimchuruzika kidevuni. Nuala aligeuza uso.

Ofisini meneja, Dervla, alisema kwa upole kwamba fomu thelathini na nane za Fergal hazitikisi wastani wa utafiti.

"Sawa. Niandikie hayo maneno, uweke na sahihi."

Dervla hakuandika. Wiki iliyofuata fomu hizo zote zilifutwa, na Nuala akarudi nyumba moja baada ya nyingine. Sadhbh alimjibu kupitia mlango uliofungwa, saa mbili nzima, Nuala amekaa kwenye zulia la ngazi. Kabla ya kuondoka alimpa Attracta namba ya mshauri wa watoto. Septemba Sadhbh alianza shule nyingine, nusu siku.

Fergal hakufukuzwa, aliruhusiwa kujiuzulu. Ofisini walimnunulia keki, wakamwandikia kadi ya kumshukuru kwa bidii yake. Nuala alipopewa kipande aliangalia ile krimu, na vidole vya Fergal vikiipangusa kwenye kisu, akakiacha mezani. Akachukua koti lake, wala hakuaga mtu.