Dikoda ya Ndovu

Nikiwa kijana nilifanya kazi ya kukata mkonge. Mashamba ya mkonge huku kwetu unayajua, mistari na mistari mpaka macho yachoke. Tulikuwa tunaamshwa na king'ora cha kiwanda, tunakula kwa king'ora, tunaacha kazi kwa king'ora. Na katikati ya ving'ora hivyo ile mashine ya kusaga majani ilinguruma mchana kutwa. Hata ukiwa mwisho wa shamba unaisikia, na kama umevua viatu unaisikia kwa nyayo. Kulikuwa na miba pia, ukichomwa unavimba mkono mzima, lakini ya miba nayaacha, maana nikianza na miba sitafika ninakokwenda.

Siku moja mashine ikasimama. Hakuna aliyetuambia kitu. Tulikuwa tumekaa chini tunakula kimanga, ule mseto wa mihogo na maharagwe, kimepoa, na ghafla kukawa kimya. Wanaume wote wakaacha kutafuna. Namkumbuka mmoja ameshika tonge hapa, mbele ya mdomo, hali wala hashushi. Mashine yenyewe tulikuwa tunaichukia. Lakini iliponyamaza tuliogopa, na hatukujua tunaogopa nini. Ilipowashwa tena tukaendelea kula, na hakuna aliyelitaja jambo hilo hata kwa mzaha.

Mimi iliniachia ugonjwa. Siwezi kukaa mahali pa kimya. Mke wangu alipokuwa hai haikuwa shida, maana yule mama alikuwa mtu wa maneno, Mungu amweke pema, alikuwa anaongea na kuku, na sufuria, na mimi nikiwa sipo. Alipokufa watoto wakaniletea televisheni, na kile kisanduku chake cha king'amuzi, sisi tunakiita dikoda, cha kutumia antena. Nikaiwasha siku hiyo, na kusema ukweli sijaizima sana tangu wakati huo. Siitazami. Inaongea, na mimi nafagia, napika, nalala. Watu husema mzee anapenda habari. Ukiniuliza wamesema nini sijui.

Sasa, upande wa chini wa shamba langu alikuwa anakaa Mkamba mmoja. Alitoka Kitui akanunua kipande hapa kwetu, karibu na Mraru, kwenye hii barabara ya Voi kwenda Taveta. Mtu mfupi, bado ana nguvu, mwepesi wa kucheka. Akalima ndengu. Sisi tunaziita pojo, na kwa hilo peke yake tulibishana mwaka mzima. Msimu wa kwanza ndovu wakaingia wakala. Msimu wa pili wakaingia wakala, halafu wakapasua na tangi la maji. Mke wake akafunga mizigo, akachukua watoto.

Hakuondoka kwa ugomvi. Nilikuwepo, nilimsaidia kubeba begi mpaka kwenye lami, na nikamsikia akimwambia mumewe wakingoja gari.

"Baba watoto, mimi sijakuacha. Wewe vuna msimu mmoja. Mmoja tu ndovu wasiingie, ushone gunia, unipigie simu. Siku hiyo nitapanda gari na watoto wako. Lakini kuwaficha watoto chini ya kitanda wakati mnyama anavuta mabati, hapana. Hilo sitarudia."

"Utarudi," akasema yule Mkamba.

"Nitarudi gunia likishonwa."

Basi. Gari likaja.

Baada ya siku chache akanijia nyumbani asubuhi, akasimama mlangoni anaitazama televisheni yangu kama anataka kuinunua.

"Mzee, kwako ndovu hawaingii."

"Kwangu waje kula nini?"

"Si una mahindi kule nyuma ya choo?"

"Mahindi yale hata kuku ameyakataa."

"Sikiliza mzee, acha mchezo. Ni hii. Wanasikia watu wanaongea usiku kucha, wanapita mbali." Akaingia akakaa bila kukaribishwa. "Lakini hii yako inaongea Kiswahili. Ndovu amekizoea Kiswahili, ndiyo lugha ya madereva wa watalii na askari wa wanyama, hao hawamfanyi kitu. Ndovu anaogopa Kikamba."

Nikacheka. "Na Kidawida chetu sisi Wataita je, hakiogopi?"

"Nyinyi mlikuwa juu kwenye milima yenu na migomba yenu, ndovu atawajulia wapi? Huku chini tulikuwa sisi, na mishale ya sumu. Babu yangu alikuwa mwindaji. Ndovu hasahau sauti. Mama anamfundisha mtoto."

"Huku chini walikuwa Waata, wale wawindaji wa zamani," nikamwambia. "Wewe umekuja juzi na gunia la sufuria."

"Waata na sisi," akasema. "Na sisi, mzee."

Usifikiri hakuwa na akili. Redio alikuwa ameshajaribu. Aliifunga kwenye mti katikati ya shamba, na ilikaa vizuri mpaka ilipoibwa, na haikuibwa na ndovu. Halafu akajirekodi kwenye simu akizungumza Kikamba, akaiacha inarudia. Ndovu walikuja mpaka kwenye ua wa miti ya miba, wakasikiliza, wakaondoka. Mara ya pili wakasikiliza kidogo tu, wakaingia. Akasema ndovu si mjinga, akisikia maneno ni yale yale anajua hakuna mtu. Kwa hiyo alitaka watu wa kweli, wanaume, wanaoongea mambo mapya kila siku. Televisheni alikuwa nayo, kaka yake alimpa. Alichokosa ni dikoda, na hakujua achukue ipi. Ndiyo sababu alinijia mimi, mzee wa televisheni.

Tukaenda Voi siku ya soko. Duka lenyewe liko kwenye ule mtaa wa vifaa vya stima, ukutani wamepanga televisheni zote zinaonyesha kitu kimoja. Msichana wa dukani alikuwa na heshima, akatupa viti.

"Babu, mnataka ya mpira ama ya sinema?"

"Ya wanaume wanaoongea Kikamba," akajibu jirani yangu. "Usiku."

Msichana akanitazama mimi. Mimi nikatazama televisheni.

Akaleta ya antena kwanza, kama yangu. Akasema stesheni ya Kikamba iko, na malipo ya mwezi hakuna. Hapo ikabidi niseme ninalolijua. Kwetu kilima kinakinga. Antena yangu nimeigeuza kila upande, nimeifunga mpaka juu ya mti, stesheni zinazoingia ni chache, na ya Kikamba haimo. Msichana akasema basi itabidi mchukue ya dishi, hiyo inashika kutoka juu, kilima hakiisumbui. Stesheni za hapa nchini hata hiyo hazina malipo.

"Iwashe," akasema jirani yangu.

Akaiwasha, akatafuta, na wakatokea wazee wawili kwenye viti vyekundu. Msichana akaanza kusifu picha, ati tazama rangi, tazama sura zao zilivyo safi. Jirani yangu akaigeuzia televisheni mgongo. Kweli kabisa. Akasimama anatazama barabarani, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

"Ongeza sauti."

Ikaongezwa.

"Hawa wanazungumza kwa upole sana. Hakuna wanaobishana?"

Kulikuwa na bwana mmoja pale amekuja kununua balbu, akaona hiyo ni nafuu ya siku yake. "Unanunua televisheni au unanunua ugomvi?"

"Nafukuza ndovu."

"Ala! Dikoda ya ndovu!" Yule bwana akawaita na wa nje waje wasikie. "Dada, mpimie huyu mzee dikoda ya ndovu! Na ndovu mwenyewe umemletea rimoti? Asije akabadilisha akaweka mpira!"

"Akibadilisha nitakuita wewe uje upige kelele," akasema Mkamba, "maana mdomo unao." Watu wakacheka, hata yeye akacheka. Alikuwa hivyo. Ukimrushia anarusha.

Aliuliza mambo ambayo msichana hakuwahi kuulizwa. Saa za usiku wanaume wanaongea au wanaweka nyimbo? Wakiweka matangazo, sauti ni ya mwanamke? Msichana akapiga simu kwa mtu, akarudi na majibu: usiku wanarudia mazungumzo ya mchana. Jirani yangu akafikiri, akasema kurudia mara moja si neno, ndovu mchana alikuwa mbali, hakuyasikia.

Halafu msichana akasema, nilimsikia vizuri sana, "Lakini babu, nikuambie ukweli. Mvua kubwa ikinyesha, dishi hukatika. Ikipungua inarudi."

"Mvua?" akasema jirani yangu. "Mraru? Mama, utuletee hiyo mvua kwanza, halafu tukulaumu."

Mimi nikacheka pamoja nao.

Fundi akaja akafunga dishi kwenye paa, akavuta waya mpaka kwa spika mbili kubwa za kanisa moja lililokuwa limenunua mpya, moja ikatazama kusini, moja ikatazama mbugani. Siku ya kwanza kuwashwa, kijiji kizima kilisikia wazee wa Kikamba wakijadili sijui nini, na mama mmoja wa kanisa letu akaja kuuliza ni nani amefiwa.

Na ilifanya kazi. Ama labda ndovu walikuwa na njia nyingine mwaka huo, mimi sijui, sikusoma mambo ya wanyama, shule niliishia darasa la tatu. Ninachojua ni kwamba niliziona nyayo. Asubuhi tulikuwa tunazunguka ua pamoja, na tunazikuta zimekuja mpaka mitini, zimesimama, zimegeuka. Yeye anaziwekea kidole ndani, anacheka peke yake.

Ndengu zikachipua, zikatoa maua, zikafunga maganda. Jioni nilikuwa nakwenda kukaa kwake, kwangu nikiiacha televisheni inaongea na mtu yeyote. Sikielewi Kikamba. Yeye alikuwa ananitafsiria, wanasema hivi kuhusu visima, wanasema vile kuhusu mahari, na mimi naitikia. Zilikuwa jioni nzuri, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu nikijaribu kuzikumbuka, naona spika tu.

Akanunua gunia jipya na shazia ya kulishonea, akavitundika kwenye msumari ukutani. Akampigia mkewe nikiwepo.

"Maganda yameanza kuwa meusi."

"Gunia limeshonwa?" nikamsikia mama akiuliza.

"Bado. Tunaanza kuvuna Jumatatu."

"Nipigie likishonwa. Watoto wanakusalimu."

Akaweka simu mfukoni, akakaa vile vile ameshika mfuko.

Jumapili jioni mvua ikaja. Si msimu wake. Ilitoka upande wa Kilimanjaro nyeusi kabisa, na ikaanguka juu ya mabati hata ukimpigia mtu kelele chumba kimoja hakusikii. Kwangu antena ikaendelea kushika, picha ikawa inaonekana na sauti haisikiki kwa ajili ya mabati. Kwake najua kilichotokea kwa sababu aliniambia kesho yake asubuhi. Kioo kinakuwa cha buluu, kuna maandishi kwamba hakuna mawimbi. Alikaa anaitazama hiyo buluu akingoja. Aliniambia alitoka mwenyewe akapiga kelele Kikamba kwenye mvua, mpaka koo likakauka, na hakujisikia hata yeye.

Asubuhi nikateremka. Matope mekundu, jua limetoka, kila kitu kinang'aa. Ua wa miti ya miba ulikuwa umelala chini. Ndengu hazikuwepo. Walizozila walizila, na ambazo hawakuzila walizikanyaga mpaka zikawa kitu kimoja na udongo. Nyayo zilikuwa zimejaa maji ya mvua, zimetapakaa shamba zima kama mabeseni.

Na televisheni ilikuwa imerudi. Spika zote mbili, sauti ya juu. Wanaume wawili wanaongea Kikamba, wanacheka, kwa shamba tupu.

Yeye alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, na hapo ndipo aliponisimulia ya usiku. Ndani niliona gunia bado liko kwenye msumari.

Nilitaka kusema pole. Neno liko hapa mdomoni, kama lile tonge, sikulisema. Nikauliza kitu kingine.

"Wanasema nini hao?"

Akasikiliza kidogo. Koo lake lilikuwa limekwisha, alitoa sauti kama ya mtu mwenye baridi.

"Wanasema mvua imenyesha vizuri. Wanasema watu wa Kitui waandae mashamba."

Simu ikalia mfukoni mwake, bila shaka mama watoto. Akaitoa akaitazama mpaka ikanyamaza, akairudisha. Akavaa koti vizuri, akafunga na vifungo, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Mlango hakuufunga. Nikafikiri anakwenda dukani kununua sigara, kwa sababu hakubeba kitu. Akapita katikati ya shamba, hakuzunguka, akaiacha miguu iingie kwenye zile nyayo na itoke, mpaka akafika kwenye lami. Hakungoja gari. Akageuka upande wa Voi akatembea, na mimi nikabaki nasikia wale wanaume wawili wakiongea nyuma yangu, mpaka sikumwona tena. Hajarudi.