Faili ya Salma Ilibaki Kabatini

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kama ya jana. Mi nesi kijana wa zahanati ya Ngagara, mdomo mbele akili nyuma, namfuata dokta wetu mpaka duka la fundi saa pale mtaa wa Asiatique. Dokta alikuwa anatafiti kifafa, maana watu walianguka wakaungua motoni, halafu majirani wanasema wamerogwa. Faili za wagonjwa zilijaa kabatini kwetu, lakini kanuni ilikataza kuzitumia kwa utafiti bila mwenyewe kukubali.

Njia nzima nilinung'unika. "Dokta, ufunguo tunao. Nani atajua?"

Akasimama katikati ya watu. "Mgonjwa alinipa ugonjwa wake nimtibu. Hakunipa nitembee nao."

Lo! Nikaongeza mwendo kumfuata.

Tulikwenda kwa Salma, binti wa fundi saa, anayeanguka tangu utotoni. Mama yake alitupa kahawa, lakini alipoelewa tumefuata ruhusa ya kutumia faili ya binti yake, uso ukambadilika. Salma alikuwa ameposwa, na desturi ya pale unaijua: mashangazi wa bwana harusi hupita kwa majirani wakiuliza ukoo una ugonjwa gani. Neno moja tu, posa inavunjika.

Dokta akaeleza kwamba jina litafutwa, itawekwa namba. Mama akacheka kwa uchungu. "Dokta wangu, fundi saa mtaa huu ni mmoja. Ukifuta jina ukaacha kazi ya baba yake, umemficha nani?"

"Kweli, mama. Na hiyo tutaifuta." Kisha akamgeukia Salma. "Lakini mwenye kuugua ni we. Nakuuliza we."

Salma akasema polepole, "Apana, dokta."

Nilidhani atambembeleza, maana faili ile aliihitaji mno. Wapi! Alishukuru, akamaliza kahawa yake, tukarudi mikono mitupu. Sikuwahi kuona mtu mkubwa akitii neno la msichana namna ile.

Mvua zikaja zikapita. Asubuhi moja Salma akaingia kwetu na mumewe, ana mimba.

"Huyu nilimwambia ugonjwa wangu kwa mdomo wangu kabla ya nikahi," akasema. "Hakuna aliyeniwahi kumwambia. Sasa dokta, faili yangu isome."

Mungu wangu, machozi yalinitoka mbele za watu.

Na we leo unakusanya habari za wagonjwa kwenye kompyuta, unalalamika eti ruhusa zinakuchelewesha. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haiendi kuitangaza sokoni. Uliza kwanza. Ukishafuta jina, soma tena kwa macho ya jirani: atamjua mtu kwa kazi yake, kwa mtaa wake? Na ukiambiwa apana, shukuru, maliza kahawa, rudi nyumbani.

Mungu akupe mikono ya kuponya na kinywa chenye mlango, mwanangu, na kila atakayekuambia ugonjwa wake asijute.