Hotuba Niliyowatolea Wambuti

Aibu hii ningeificha mpaka kaburini, ila imekwisha kurushwa redioni, tena kwenye redio yetu wenyewe hapa Butembo, kwa hiyo heri muisikie kwangu.

Redio hiyo ilinituma, mimi mwandishi wake, karibu na Mutwanga, kwenye mafunzo ya uongozi ambayo Wambuti, wenyeji wa msituni, wameyaanzisha wenyewe, wakifundishana jinsi ya kusimama mbele ya wakubwa na kutetea msitu wao. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuomba ruhusa ya kurekodi. Mwalimu wao, Mama Safi, alinipokea vizuri, akaniambia niketi: "Ikala kwanza, baba, usikilize."

Wote walikuwa wameketi chini. Mimi (mtu wa mjini, suruali imepigwa pasi) nikaona kiti cha plastiki pembeni, nikakivuta hadi katikati, nikakikalia.

Sasa mtu akiwa juu peke yake hujiona ana la kusema, basi nikainuka nikatoa neno la ufunguzi ambalo hakuna aliyeniomba, nikazishukuru mamlaka ambazo hazikuwepo, nikawaeleza Wambuti maana ya kiongozi, nikapitisha karatasi waandike majina na vyeo (vyeo!), na Mama Safi alipotaka kusema nikamkatiza, si mara moja.

Nilipomaliza, nikasubiri makofi. Kisha mzee mmoja akasimama, akakalia kiti changu, akakung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye goti, akatoa tumbo mbele, akakohoa kikohozi changu hasa.

"Mesdames et messieurs! Miye najua pori kuliko nyama ya pori!"

Eti mabibi na mabwana, najua msitu kuliko hata wanyama wake! Watu wakagaagaa kwa kicheko. Miaka yote nimewaandika watu, sijawahi kuonyeshwa nilivyo, na kibaya zaidi, hakukosea hata kidole.

"Hapana kasirika," Mama Safi akasema, akijifuta machozi. "Kwetu mutu akijipandisha, hatumupige, hatumufukuze. Tunamuonyesha sura yake. Donc ile ndiyo leçon ya leo."

Somo la leo, kumbe, ni mimi. Kwa sauti ndogo nikauliza kama bado naweza kurekodi.

"Utarekodi. Lakini hii tu. Mzee, anza tena!"

Nikashika kinasa sauti, nikamrekodi akiniigiza mwanzo hadi mwisho. Mkuu wangu aliirusha yote bila kukata hata kikohozi, na wiki nzima akina mama wa sokoni Bulengera walinisalimu kwa "Mesdames et messieurs!"

Tangu hapo nikifika kwa watu nakaa chini, nasubiri waniite ndipo niseme. Na kusema kweli, mara nyingi hawaniiti.