Sinia la Sarafu Arobaini na Tano

Walisema sitaweza. Ami yangu Seif, aliyenilea tangu baba alipofariki, alitamka mbele za watu siku niliyoondoka Wawi kwenda Maskati kwamba mimi hata nikipewa duka la chumvi litanifia mikononi. Walisema sitasoma, nikasoma, na stashahada ya biashara ninayo, imo kwenye fremu ya kioo ukutani, na mgeni akikaa sebuleni kwangu haiwezekani asiione (kiti nimekielekeza huko makusudi). Walisema nitarudi mikono mitupu, nikarudi na friji, na pikipiki, na meno yangu yote. Kwa hiyo ijulikane mapema kwamba anayewahadithia aibu hii si mjinga wa kuzaliwa. Ujinga huu niliupata ukubwani, kwa juhudi zangu mwenyewe, na nilikopa fedha za watu ili niununue.

Kule Maskati nilikuwa karani wa ghala la tajiri mmoja aliyependa kukusanya sarafu. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akiuza sarafu moja, moja tu, kwa bei ya gari. Sarafu ilikuwa imefungiwa ndani ya kijikasha cha plastiki ngumu, kimezibwa pande zote, na juu yake ina lebo yenye namba. Akanieleza kwamba Marekani kuna watu kazi yao ni hiyo, unawapelekea sarafu, wanaikagua kwa kioo cha kukuzia, wanaipa alama kama mwanafunzi, na alama ya juu kabisa ni sabini. Akaniambia pia kwamba ile yake ilikuwa ya zamani sana na duniani zimebaki chache. Hilo la kubaki chache likanipita. Mimi nilishika plastiki na namba.

Niliporudi Pemba, nimekaa na simu yangu, nikakuta mtu wa Marekani anauza fungu la sarafu mia tatu kwa mpigo, dola moja moja za rangi ya dhahabu, mpya, zinang'ara, kila moja imo ndani ya kasha lake na kila moja ina sabini. Dola nane kwa kila kasha. Nikapiga hesabu: nikiuza kila moja dola thelathini, basi nimeshajenga. (Mwaka wa pili wa stashahada tulifundishwa kuuliza, kitu kikiwa kipya, na kimetengenezwa kwa mamilioni, na kila mtu anaweza kukipeleka kikapewa sabini, hizo sabini ziko ngapi duniani? Somo hilo nililipasi vizuri sana, na siku ile sikulikumbuka hata jina lake.)

Fedha nilikopa kwa watu watatu. Shangazi yangu Bi Zuwena alinipa milioni mbili za karafuu zake. Hamad, mwenye duka la vifaa kule Mkoani, rafiki yangu wa shule, alinipa milioni moja na nusu. Na Mzee Khatib, mvuvi wa Wambaa aliyekuwa akivua na marehemu baba, alinipa milioni tatu, na hizi naomba mzisikilize vizuri, kwa sababu zilikuwa ni mahari ya mwanawe Ali. Aliziweka miaka minne. Aliniambia, "Mwanangu, hizi ni za harusi, baada ya mavuno nitazihitaji." Nikamjibu, "Mzee Khatib, baada ya mavuno nitakurejeshea na nyongeza juu."

Mzigo ukafika. Nikaweka sarafu kumi kwenye mtandao kwa dola thelathini kila moja, nikasubiri. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Ndipo nikaanza kuangalia wenzangu wanauza vipi, nikaona mmoja anauza ile ile kwa tisa, mwingine kwa saba, na mwingine anatoa hamsini kwa mpigo na gharama ya kutuma analipa mwenyewe, na wote hao maelfu wana sabini. Nilifunga simu nikaiweka chini ya mto kama vile nikiificha na habari itajificha.

Sasa hapa ndipo pa uamuzi mdogo wenyewe. Mzee Khatib akaja kwangu baada ya mavuno, akakaa kwenye kile kiti kinachotazama stashahada, akasema kwa upole wake, "Said, mambo ya Ali yamekaribia. Mchumba ameshapatikana, Rukia wa Mzee Nassor, hapa hapa kwenu Wawi. Ile amana vipi?"

Neno lilikuwa moja tu: sinazo. Ningelisema, ningelaumiwa, tungepanga. Badala yake nikasema, "Mzee wangu, ya nini kuhangaika na makaratasi ya noti? Chukua sarafu arobaini na tano. Bei yake inapita milioni tatu. Mahari ya aina hii Pemba nzima haijapata kuonekana."

Akaitazama ile moja niliyomkabidhi, inavyometa. "Dhahabu hii?"

"Ni sarafu ya daraja la juu kabisa," nikamwambia.

Sikusema ni dhahabu. Na wala sikusema si dhahabu. Kati ya maneno hayo mawili ndimo lilimoingia zogo lote, maana baada ya siku tatu Wawi nzima ilikuwa inasema Rukia anaolewa kwa dhahabu arobaini na tano za Marekani, na mimi nikipita njiani watu wananisimamisha kunipongeza, na mimi (Mungu anisamehe) napokea pongezi.

Siku ya ndoa nilivaa kanzu na koti juu yake, na tai ndani ya koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu mwingine na sasa najua sababu. Barazani kwa Mzee Nassor busati limetandikwa, udi unafuka, wanaume wamekaa, kina mama wamejaa ndani na madirishani. Katikati limewekwa sinia limefunikwa kitambaa cha kijani. Ali amekaa na joho lake, jasho linamtoka. Shehe akasema kabla hajaenda mlangoni kumtaka mwari idhini, lazima ajue mahari anayoitaja ni nini hasa. "Nitaje fedha? Nitaje dhahabu? Nitaje uzito?"

Hakuna aliyeniuliza mimi. Nikasimama mwenyewe.

Nikafunua kitambaa, sinia likawaka, watu wakasema "Mashaallah," na nikatoa hotuba. Nikaeleza habari za Marekani, na kioo cha kukuzia, na alama, na nikasema kwa sauti ya kufundisha, "Hizi zote, waheshimiwa, zimepata sabini juu ya sabini. Hakuna sabini na moja."

Mjomba wa bibi harusi, Mzee Abdalla, ni sonara wa Chake Chake. Akanyoosha mkono. "Hebu nipe moja, bwana."

Nikampa. Akaigeuza, akaipima kiganjani, akatoa kijisu chake cha mfukoni akaanza kulibanua kasha.

"Usivunje!" nikapiga kelele. "Ikitoka kwenye kasha thamani yake inakufa!"

Baraza lote likanigeukia.

"Yakhe," akasema mzee mmoja wa kule nyuma, "dhahabu gani hiyo inayokufa ikipata hewa? Kwani samaki?"

Kasha likapasuka tap! Mzee Abdalla akaikwaruza sarafu kwenye jiwe lake dogo la kupimia (sonara haachi jiwe nyumbani hata akienda harusini), akatazama mstari, akatikisa kichwa. "Shaba," akasema. Kisha akavaa miwani, akaisogeza karibu na macho, na mimi nikajua anachokwenda kusoma, kwa sababu siku zote kilikuwa pale, na mimi mwenye stashahada nilikuwa nimesoma lebo, nimesoma namba, nimesoma kila kitu isipokuwa sarafu yenyewe.

"Bei wameiandika wenyewe hapa," akasema Mzee Abdalla. "Dola moja."

"Mara arobaini na tano," akadakia mtu.

"Laki moja na ushei."

"Na hiyo iliyofunguliwa tuitoe, imeshakufa!"

Kicheko kilianzia barazani kikapita dirishani kikaingia kwa kina mama, na huko ndani kikakua. Asiyecheka alikuwa Mzee Nassor. Alisimama akasema, "Binti yangu haozwi kwa plastiki. Shehe, funga kitabu." Na Mzee Khatib, aliyenipa akiba ya miaka minne bila hata karatasi, hakunitazama. Aliinamisha kichwa akawa anaokota nyuzi za busati, uzi mmoja mmoja. Ali akaanza kuvua joho. Hapo nikarudi nyuma nijifiche, nikajikwaa, nikakaa juu ya sinia la halua ya wageni, lakini wakati ule hata halua haikuniuma.

Shehe akainua mkono. "Tulieni. Mahari si ya baba, si ya mjomba, ni haki ya mwanamke. Kabla ya kufunga kitabu na aulizwe mwenyewe." Akaenda na mashahidi wawili mpaka mlangoni penye pazia, akamweleza Rukia yote yalivyo, hakuficha. Watu wakatega masikio kumsikia mwari, na sauti yake ikatoka wazi, haikutetemeka.

"Shehe, Ali alijua?"

"Hakujua. Wala baba yake."

"Aliyejua nani?"

"Said."

"Said yupo?"

"Yupo," akasema shehe, "amekaa juu ya halua."

Kicheko tena. Rukia akangoja kikaisha. "Basi mie Ali namtaka. Mahari yangu ni milioni tatu, zile zile alizoziweka baba mkwe, na nakubali kungoja. Lakini azilete Said mwenyewe, mkononi mwangu, kidogo kidogo akitaka, asimtume mtu. Na hayo masanduku yake aondoke nayo."

Mzee Khatib akainua kichwa akasema deni lake kwangu amempa mkwewe Rukia tangu saa ile, wote washuhudie. Mzee Nassor akanuna, akazunguka, akanuna tena, mwishowe akakaa akampa Ali mkono, na ndoa ikafungwa. Mimi nikaondoka na sinia la sarafu kichwani, koti limeganda halua nyuma, napita mbele ya madirisha, na kina mama wakanipigia vigelegele kama vile mimi ndiye bibi harusi. Mpaka leo kuna watu Wawi wananiita Sabini.

Sarafu nilizipeleka Unguja kwa mwenye duka la vitu vya watalii akazichukua zote kwa bei ambayo sitaitaja hata mnibembeleze. Friji nikaliuza. Pikipiki nikaibakisha, nikaanza kununua dagaa Wambaa, nawaanika, nawapakia kwenye magunia, nawapeleka Chake Chake. Nilinuka dagaa mwaka mzima na zaidi. Lakini nawaambia, na hili si majivuno (basi ni majivuno), kwa kupanga daraja za dagaa hakuna anayenishinda kisiwa hiki: wakubwa mbali, wadogo mbali, waliopata mvua mbali, na mnunuzi anatia mkono guniani anajionea. Nimeapa sitauza tena kitu ambacho mnunuzi haruhusiwi kukifungua.

Fungu la mwisho la kila mmoja nililidunduliza ili nilipe wote siku moja, maana nilitaka niamke nadaiwa na nilale sidaiwi. Asubuhi nikaanzia Mkoani kwa Hamad. Alikuwa na wateja, akazipokea akazitia mfukoni bila kuhesabu, akasema, "Nlishazisahau, yakhe," na sote wawili tulijua ni uongo. Nikapanda mpaka Wawi kwa shangazi. Bi Zuwena alihesabu mara mbili, akanibusu kipaji cha uso, akaniambia nioge.

Alasiri nikafika Wambaa. Kila mwezi nilikuwa naingia uani kwao, nampa Rukia kilichopo, anahesabu, ananiambia, "Kaa ule, kaka Said," na mimi nasema nina haraka, naondoka. Sikuweza kukaa. Kila nilipomwona Mzee Khatib pembeni anashona wavu nilikuwa namwona anaokota nyuzi za busati.

Siku ile Rukia alikuwa na mimba kubwa, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akajifuta mikono, akahesabu noti polepole, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akamwita mumewe.

"Ali! Njoo. Kuanzia leo weye ni wangu kamili. Siku zote hizi nilikuwa nakutumia kwa mkopo."

Ali akacheka mpaka akakaa chini. Mzee Khatib akaweka wavu, akasogea kwenye mkeka, akapiga kiganja ubavuni pake.

"Said," akasema, "kaa ule."

Nikakaa. Nilikula sahani mbili, na ya tatu nikaiomba mwenyewe.