Nusu ya Maneno ya Mama wa Marabo

Mama yule alisema maneno yake huku akimenya mihogo. Kinasa sauti tulikiweka juu ya kigoda karibu na beseni, na kila alipotupa kipande ndani ya maji, mtafiti niliyekuja naye alikisogeza kidogo kisiloe. Tulikuwa katika kijiji cha Marabo, nyuma ya nyumba ya mama huyo, mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Bunia. Likizo ile mtafiti, binti aliyetoka Kisangani kwa kazi ya chuo chake, alinichukua niwe mkalimani wake. Alitaka kujua watu waliokimbia vita wanarudi vipi kuishi jirani na wale waliowakimbia. Tulizunguka vijiji vya Irumu, tukakaa na wengi, wanaume kwa wanawake. Baadhi walisema mambo mazuri, baadhi walisema mambo ambayo niliyatafsiri huku ulimi wangu ukiwa mzito.

Mama wa Marabo alikuwa mjane. Alipoulizwa juu ya siku nyumba yake ilipochomwa, alimenya muhogo mzima kabla hajajibu.

"Mutu aliyechoma nyumba yangu, mi namujua," alisema. "Tulikuwa tunateka naye maji ku chemchemi moja. Na mama aliyenifichaka mu jikoni yake na batoto yangu mupaka bunduki zikanyamaza, ule naye ni wa kabila ya ule mutu. Ni shangazi yake kabisa. Sasa mi nichukie nani?"

Nilitafsiri kwa Kifaransa, neno kwa neno. Mtafiti aliyaandika yote pamoja bila kuacha hata kipande, na mahali pa jina akaweka tu kwamba ni mama mkulima wa Irumu. Utafiti ulipotoka alinitumia, nami nikarudi Marabo kumsomea mama sehemu yake. Alisikiliza, akasema ni sawa, ndivyo alivyosema. Nikaona kazi imekwisha.

Sisi tuliosoma pamoja sekondari, wa makabila yote mawili yaliyopigana, tuna kundi letu kwenye simu. Wengi tuko Bunia, wengine wako Kinshasa, Kampala, hata Ulaya. Kwa miaka kundi lile lilikuwa la harusi, vizazi na matanga, na picha za zamani za sisi tukiwa wembamba. Kisha mambo yalichafuka tena barabarani. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akikaa nami dawati moja, alimpoteza mdogo wake. Kijana alikuwa akipeleka bidhaa na abiria Iga Barrière, watu wenye bunduki wakamsimamisha njiani, wakamuua pamoja na abiria wake. Tulimzika hapa mjini. Nilikuwa karibu na mama yao pale makaburini, nikimshika mkono ili asianguke.

Matanga yalikuwa bado hayajaisha nilipofungua simu wakati wa mapumziko shuleni, nikakuta yule mwenzetu ametuma picha ya ukurasa wa kitabu. Mistari miwili ilikuwa imepakwa rangi ya njano. Juu yake aliandika: "Hii si uvumi. Ni utafiti wa chuo kikuu. Jirani yao njo muuaji wao. Someni."

Niliisoma mistari ile mara mbili. Yalikuwa maneno ya mama wa Marabo, katika Kifaransa changu mwenyewe. Mutu aliyechoma nyumba yangu namujua, tulikuwa tunateka naye maji. Picha ilikatiwa hapo.

Kufikia saa ya kutoka shule kundi lilikuwa linawaka. Watu ambao hawakuwa wameandika kitu kwa mwaka mzima waliamka. Wengine waliandika kwamba sasa sayansi imethibitisha. Dada mmoja aliye Kinshasa, wa upande wa pili, alikwenda kuutafuta utafiti uleule, akakuta ukurasa mwingine ambapo mzee mmoja wa upande wa mwenzetu alisema maneno mabaya, akautuma nao ukiwa umepakwa njano. Nilimkumbuka pia yule mzee. Naye alikuwa na maneno mengine baada ya yale. Watu walirushiana kurasa namna hiyo kutwa nzima, kila mmoja akidai mwenzake alete chanzo, na chanzo kilikuwa kimoja.

Niliandika polepole, nikifuta na kuanza tena. Nilisema kwamba maneno yale yana mwendelezo, nikaweka kifungu kizima, na sehemu ya yule shangazi aliyemficha mama na watoto wake. Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu wa Kampala: "Mwalimu, weye uko upande gani?" Mwingine akataka utafiti wote. Nikautuma wote. Ni kitabu kirefu, kizito kupakua kwa mtandao wetu, na kimeandikwa kwa lugha ya chuo. Mmoja aliweka alama ya dole gumba juu yake kabla hata hakijaweza kupakuliwa, kisha mabishano yakaendelea.

Alasiri ile mwenzangu wa dawati alinipigia.

"Dada, umenisahihisha mbele ya batu kama mwanafunzi."

"Sikutaka kukusahihisha," nikasema. "Nilikuwapo wakati mama ule alisema."

Nilisikia sauti za watu wa matanga nyuma yake, viti vya plastiki vikisukumwa.

"Ulikuwapo?"

"Njo mi nilitafsiri."

"Basi unajua ni kweli. Alisema."

"Alisema. Na akaendelea kusema."

"Ile kitabu sikuitafuta," akasema. "Kuna mutu alinitumia picha, ikiwa tayari imekatwa. Niliisoma nikalia. Tangu tumuzike mudogo yangu, kila mutu anayeingia hapa ananiambia pole, vumilia, Mungu anajua. Ile maneno haikuniambia nivumilie. Unaelewa? Ni kama mutu alikaa na miye akasema, mi pia najua."

Nilisimama pale kwenye uwanja wa shule nikiwa na simu sikioni. Nilikuwa nimejitayarisha kubishana na mtu anayeeneza chuki, na huyu alikuwa kaka wa marehemu. Nilimwuliza mama yake amekula nini. Akasema chai tu. Tukaagana bila yeye kuahidi kitu, na picha ikabaki palepale.

Jumamosi binti wa mama wa Marabo akapiga simu. "Mama anasema ukuje," akasema, na sauti yake haikuwa ya kualika.

Barabara ilikuwa imetulia, watu walisema magari yanapita. Nikachukua pikipiki. Nilipofika, mama alikuwa amekaa jikoni na moto haujawashwa. Binti yake aliipata picha katika kundi la kwaya ya kanisa, mwanakwaya mmoja ameituma pamoja na maombi ya amani. Alipomtafsiria kwa sauti, mama aliyatambua maneno yake kabla binti hajamaliza.

"Jina yangu iko mule?" aliniuliza.

"Haiko, mama. Hata kijiji haiko."

Aliitikia kwa kichwa, lakini uso haukufunguka. "Siogopi sana ile," akasema. "Ule mama aliyenifichaka, batoto yake wako na telefone. Watamusomea. Atasema, huyu nilimupatia jikoni yangu, nikamupatia hata bilanketi ya batoto yangu, na mbele ya batu wote anakumbuka tu ule aliyechoma."

Aliniambia kwamba yule mama alihamia Niania na wanawe wanaofanya biashara kule. Namba za zamani zilikuwa hazipatikani tena, na walikuwa hawajazungumza tangu ahame.

Kisha akataka jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka nimrekodi hapohapo aseme maneno yake yote, kwa sauti yake, niyapeleke katika kundi letu na katika kila kundi ambapo picha imefika.

"Hapana, mama," nikasema. "Sauti ni kama jina. Kuna batu watakutambua, na sasa batu wana hasira."

"Maneno ni ya nani?"

"Ni ya kwako."

"Wakati waliikata, waliniomba?"

"Hawakuomba."

"Basi na mi siombi."

Tulibishana. Binti yake aliniunga mkono, akamkumbusha kwamba wajukuu wanapita njia ileile kwenda shule kila asubuhi. Mama akakasirika zaidi, akasema tunamfanya kama mtoto. Alisimama, akatoka nje, akarudi. Mwisho, kwa kukosa la kusema, nilimweleza ni nani alituma picha ile katika kundi letu. Nilimweleza habari ya kijana aliyeuawa akienda Iga Barrière, na viti vya matanga ambavyo bado viko uani kwao.

Aliketi.

"Mama yake iko muzima?"

"Iko."

Kuku alipita mlangoni na hakuna aliyemfukuza.

"Tuache ya kundi," akasema hatimaye. "Munitafutie ule mama tu."

Binti alianza kupiga simu. Alimpigia mama mmoja anayeuza nguo Komanda, huyo akamwelekeza kwa dereva wa lori, dereva akatoa namba ya mmoja wa wale wanawe walioko Niania. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Mara ya mwisho simu iliita, na baada ya kelele nyingi za sokoni ikapita mkononi mwa mwanamke mzee.

"Allo? Ni nani?"

Binti aliwasha spika, mama akashika simu kwa mikono miwili. "Ni miye. Wa Marabo."

"Weye!" ikasikika kutoka upande wa pili, kisha tena, "Weye! Uko muzima?"

Mama hakuanza na jambo lenyewe. Aliuliza habari ya magoti, kwa maana walikuwa wote wawili wanaumwa magoti tangu zamani. Aliuliza watoto, mmoja mmoja. Aliuliza kama Niania kuna sombe nzuri, majani ya muhogo ya kupika. Mimi na binti tulikuwa tumekaa chini, hatutazamani. Kisha akavuta pumzi.

"Kuko maneno yangu inatembea mu telefone. Waliikata. Pale walikatia, njo pale weye uko."

Kelele za soko zilipungua, kama yule mwingine amesogea pembeni.

"Niliisikia," akasema. "Mutoto alinisomea. Nililia. Nikawaza, labda mateso njo inamusemesha vile."

"Hapana. Sikiliza sasa." Na mama akayasema yote, tangu chemchemi hadi jikoni hadi blanketi, akipaza sauti kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya, akirudia pale ambapo mwenzake alisema hasikii. Aliyasema kwa mpangilio uleule wa siku ile ya mihogo, ila alipofika mwisho hakuuliza achukie nani. Alitaja jina la yule mama, mara moja, na sauti ikamwishia.

Nilitoka nje nikawaacha. Niliwasikia wakizungumza hadi unite, yaani salio la simu, zilipokwisha, na mwishoni kulikuwa na kicheko kifupi, sijui cha nini.

Kabla sijaondoka nilimwomba mama ruhusa ya kumwambia mwenzangu habari ya simu ile, yeye peke yake, bila majina. Akakubali. "Lakini usimugombeze," akasema. "Iko na maiti."

Nilimwandikia jioni hiyohiyo. Hakujibu. Siku zilipita, kisha asubuhi moja nikakuta ameweka kifungu kizima katika kundi, kama nilivyokiweka mimi, na maneno machache juu yake: "Picha niliyotuma ilikatwa. Yote njo hii." Hakuomba radhi na hakueleza zaidi. Mtu mmoja alimwuliza wamemlipa nini. Mwingine akamwita msaliti wa damu ya mdogo wake. Wachache walimshukuru. Dada wa Kinshasa alisoma, maana alama ya kusoma ilionekana, lakini ukurasa wa yule mzee aliuacha jinsi alivyoutuma. Mimi nilijaribu, nikaweka maneno ya mzee yaliyofuata; hakuna aliyeyagusa. Picha ya mama bado inatembea. Nimeiona katika kundi la walimu, nimeiona kwa jirani. Kila ninapoiona naandika yale yanayofuata, na mara nyingi sijui kama yanasomwa.

Siku ya kumaliza matanga nilikwenda kwao. Watu walikuwa wengi, wanawake walikuwa wakipika maharagi na makayabu, samaki wa chumvi, kwa sufuria kubwa, na mama yake alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho ndugu walimshonea. Mwenzangu alikuja akaketi karibu nami, mahali penye kivuli cha ukuta. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya shule, juu ya wanafunzi wangu ambao hawapendi imla. Nilidhani hatutaligusa lile jambo.

"Ule mama wa Niania," akasema ghafla, akitazama mikono yake. "Alimuficha na batoto wote?"

"Wote."

"Na kama ule aliyechoma angewakuta mule jikoni?"

"Mama anasema alikuja hadi mlangoni akauliza. Shangazi yake akamwambia hakuna mutu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Machozi yalimjaa lakini hayakushuka.

"Wetu hakupata mutu wa kumuficha," akasema.

Nikamshika bega. Mama yake akatuita kutoka upande wa masufuria, akasema chakula kinapoa, tuje tule na wengine. Tukainuka tukaenda.