Tupokigwe na neno lililowakimbiza wakubwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Keko. Mashine ya randa imeshaanza kunguruma katika karakana ya Albano, na Tupokigwe Mwaisaka anafuta vumbi la mbao kwenye kompyuta yake kwa kipande cha kanga. Mbele yake zimepangwa karatasi kumi na mbili alizozikata kwa ukubwa wa simu. Juu ya kila moja amechora kwa kalamu kile ambacho mtu atakiona akifungua programu yake: jina, kazi, na chini kabisa kitufe kimoja cha kijani.

Anainuka na kumfuata fundi anayepiga msasa mguu wa kitanda.

"Kaka, samahani. Hii ingekuwa simu yako, ungebonyeza wapi?"

Fundi anajipangusa kidole kwenye suruali, anabonyeza karatasi. Tupokigwe anaandika kwenye daftari, anashukuru, anakwenda kwa mwingine. Mafundi wamemzoea. Mwanzoni walidhani anauza bima.

Tupokigwe, 31, anabuni programu za simu. Hii ya sasa inamkutanisha mtu aliye kazini, awe muuguzi, mhasibu au fundi sanifu, na mtu wa fani hiyohiyo aliyekula chumvi nyingi, ili amwonyeshe njia. Kwa ajili ya programu hii aliacha ajira ya laki nane kwa mwezi katika kampuni ya matangazo. Leo anachora nembo na kadi za harusi, na mwezi ukiwa mzuri anapata laki tatu na nusu. Meza anayokalia ni ya Albano, seremala aliyetoka Newala miaka mingi iliyopita. Pango lake ni kumtangazia makochi mtandaoni.

Ukimuuliza kilichomsukuma, hazunguki.

"Mie nilifanya kazi miaka sita bila kujua kwamba mtu unaruhusiwa kuomba kupandishwa cheo," anasema. "Nilidhani wakubwa wanakuonaga tu. Wenzangu wenye shangazi au mjomba ofisini walikuwa wanaambiwa. Kwetu Tukuyu, wa kwanza kuingia ofisini ni mie. Ningemuuliza nani?"

Sasa yuko kwenye mtihani. Chama kimoja cha wahitimu wa vyuo kimemwahidi kwamba, ikiwa hadi mwisho wa mwezi huu watu arobaini watakuwa wamezungumza na wakubwa wa fani zao kupitia programu hiyo, kitaipeleka kwa wanachama wake wote elfu mbili. Wasipofika, basi. Na mama yake amekwishamwekea sharti: ikishindikana, arudi kuajiriwa.

Mwanzo ulikuwa mbaya, na kosa lilikuwa neno moja.

Programu aliipa jina Mlezi. Kwenye kitufe cha kijani aliandika "Omba mlezi". Aliliona neno zuri, lenye huruma. Katika wiki tatu vijana walituma maombi sitini na moja. Waliokubali walikuwa wanne. Wengine walinyamaza, na wengine waliomba radhi kwa adabu ya kutia uchungu.

"Nililia, sikufichi," anasema Tupokigwe. "Nikasema, kumbe wakubwa wetu wana roho mbaya hivi?"

Siku moja alimsomea Albano jibu la Mzee Revelian, mkuu mstaafu wa maabara anayeishi Kipawa. Mzee alikuwa ameombwa na Isack, fundi sanifu wa maabara wa Mabibo. Alijibu hivi: "Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Mniwie radhi, mwezi huu nina harusi mbili na ujenzi wa kanisa."

Albano alizima mashine, akacheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao.

"Dada'angu, umewaomba mchango!" alimwambia. "Sie kwenye kwaya yetu mlezi ni nani? Si yule anayeitwa mbele, anapigiwa makofi, halafu anasomewa risala ya sare na spika?"

Tupokigwe alishika kichwa. Miaka yote amekaa kwenye vikao vya harusi na sherehe za vikundi, na hilo halikumjia. Walioombwa hawakuwa na roho mbaya hata kidogo. Walikuwa wanakimbiza pochi zao.

Alibadilisha neno siku hiyohiyo, akaandika "mtangulizi", kisha akampigia Mzee Revelian kumwelezea. Hapo akaruka majivu, akakanyaga moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili la mtangulizi tena ni nini, binti? Mimi mbona bado napumua? Waliotangulia tunawaombea mwezi wa kumi na moja."

Tupokigwe aliomba msamaha mara tatu. Mzee alicheka, kisha akauliza huyo kijana hasa anataka nini kwake.

"Anataka kukuuliza mambo ya kazi, mzee."

"Sasa si aulize!"

Kitufe cha kijani leo kimeandikwa "Naomba kuuliza". Programu nayo inaitwa Ulizia. Hakuna tena mlezi wala mtangulizi. Kuna mtu mwenye swali na mtu aliyewahi kulipitia. Kuuliza si ujinga, na kwa mtu mzima wa hapa kwetu, kuombwa jibu ni heshima ngumu kuikataa.

Isack aliuliza kama asome shahada au ajifunze kutengeneza mashine za maabara. Mzee Revelian hakuandika; alipiga simu. "Aliniweka saa nzima," anasema Isack. "Akaniambia mashine zinaharibika kila siku na mafundi wa kuzitengeneza ni wachache. Nimeanza kozi."

Ndani ya siku kumi na moja waliozungumza wamefika thelathini na tatu, pamoja na wale wanne wa mwanzo. Zimebaki siku nane na watu saba. Tupokigwe anatumaini watatimia, na kwamba mwakani ataifikisha programu kwa walimu wa wilayani, wanaoanza kazi mbali na yeyote wa kumuuliza.

Lakini kuna swali lake mwenyewe. Miongoni mwa wakubwa aliowaandikisha yumo Bi Mwanakombo, aliyeongoza wabunifu kwa miaka kumi na tano. Tupokigwe hajawahi kumuuliza chochote. Anakiri ni aibu, mganga hajigangi.

Asubuhi hii anashika simu. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kisha anabonyeza kitufe chake cha kijani: "Shikamoo Bi Mwanakombo. Naomba kuuliza: arobaini wasipofika, nibishe hodi kwa nani mwingine?"

Randa inazimwa, mafundi wanakwenda kunywa chai. Simu inalia kabla hawajarudi.

"Marahaba, mwanangu. Uliza yote. Tangu uniandikishe nilikuwa nangoja uanze wewe."